Tulivyotafuta nyumba ya ski yenye mapaa mawili, Sydney mwaka wa Corona

Wakuu, habari za humu ndani.

Nimekuwa msomaji tu wa jukwaa hili kwa muda mrefu. Nacheka na nyuzi zenu, nagonga like, napita zangu. Leo nimeona nitoke mafichoni.

Sina picha ya kila kitu, ila haya yamenitokea mimi mwenyewe, na bati nitakalolisema huko mbele nimelishika kwa mikono hii. Asiyeamini aje Seven Hills nimpikie chai nimsimulie upya.

Ni kisa cha furaha, kwa hiyo wapenda umbea wa ndoa zilizovunjika mtanisamehe.

Twende.

Mimi ni Mtanzania, mtu wa Muheza, jina langu Anneth. Hapa Sydney kazi yangu ni kutunza wazee, aged care. Rafiki yangu wa kufa na kuzikana ni nesi Mkenya anaitwa Nekesa. Yeye anakaa Bankstown na mumewe Wafula na binti yao Naliaka, mtoto anayekusikia Kiswahili chote lakini anakujibu Kiingereza.

Mwanzoni mwa 2020 Nekesa alijifungua mtoto wa pili. Mama yake akapanda ndege kutoka Bungoma kuja kumshika mjukuu. Mpango ulikuwa akae kidogo, ale pasta mbili tatu, arudi kwa kuku wake.

Hamjakaa sawa, Corona hii hapa. Mipaka ikafungwa. Mama akabaki.

Sasa sikieni jambo ambalo uzi mzima umesimama juu yake.

Kwao Nekesa, mama mkwe hawezi kulala nyumba moja na mkwe wake wa kiume. Hawashikani mikono. Hawali meza moja. Hata kuzungumza hawazungumzi uso kwa uso, ujumbe unapitia kwa mtu mwingine. Si ugomvi wakuu, ni heshima, na kadiri wanavyopendana ndivyo wanavyokaa mbali.

Nilipoambiwa mara ya kwanza nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kwetu mama mkwe anakuja na begi lake, anateka jiko, na usiku anakoroma chumba cha pili mpaka mkwe anahama kitanda!

Lakini mila ni mila. Kwa hiyo Mama hakulala Bankstown hata siku moja. Tangu alipotua alikuja kulala kwangu Seven Hills. Mchana Nekesa anamletea mtoto, au mimi nampeleka kule Wafula akiwa kazini. Tukazoeana hadi nikawa namwita Mama kama aliyenizaa.

Na Wafula, jamani. Huyu kijana kila wiki alikuwa anakuja na mifuko. Maparachichi, unga, maziwa, dawa ya presha ya Mama. Anaweka mlangoni, anagonga, anarudi zake kwenye gari kabla mlango haujafunguliwa. Mama anasimama nyuma ya pazia anamtazama akienda.

"Ameenda?" ananiuliza, na yeye ndiye aliyekuwa anatazama.

"Ameenda Mama."

"Haya, leta hizo avocado."

Serikali ilipotangaza social distancing, watu wasishikane mikono, wasitembeleane, wakae mbali na wenzao, Mama alicheka sana mbele ya TV. Akasema, "Anneth, sasa dunia yote imekuwa wakwe."

Sijawahi kusikia mtu aieleze Corona vizuri kuliko hapo.

Sasa theluji imeingiaje?

Baba yake Nekesa, Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu wa Jiografia. Mama anamwita Mwalimu tu, hana jina jingine kwake. Huyu mzee alifundisha theluji maisha yake yote na hakuwahi kuigusa. Darasani alikuwa anakwangua vumbi la chaki, analijaza kiganjani, analipuliza juu ya vichwa vya wanafunzi. "Hiyo ndiyo snow." Watoto wanapiga kelele, somo limeisha.

Alimwahidi Mama kwamba akistaafu watapanda wote Mlima Kenya mpaka wafike kwenye theluji yenyewe. Alistaafu, akaugua, akaenda.

Jioni moja tunatazama taarifa ya habari, wakaonyesha milima ya huku kusini imeanza kuwa nyeupe. Mama aliacha kusuka. Akauliza, "Hiyo ni hapa hapa Australia? Si ng'ambo?"

Nikamwambia ni hapa hapa Mama, mwendo wa gari tu.

Akarudisha macho kwenye TV. Kisha akasema, "Nikirudi nyumbani bila kushika hiyo kitu, nitamwambia nini Mwalimu?"

Na muda ulikuwa unakimbia. Zilianza kupatikana ndege za kurudisha watu makwao, na Mama alishapata nafasi ya mwezi Septemba. Tuko Agosti. Ni sasa au basi tena.

Nilipomsimulia Nekesa, Wafula alikuwa anasikiliza kwenye speaker. Hakuacha hata nimalize. "Sista, hiyo trip tunaenda. Organise, mimi niko ndani."

Basi nikajiteua waziri wa malazi.

Tukamwongeza rafiki yetu Papa Déo, Mkongo wa Uvira anayefanya kazi warehouse, kwa sababu ana gari kubwa la watu wengi, na mkewe Furaha, kwa sababu bila Furaha hakuna chakula. Na watoto wao. Masharti ya Corona wakati ule yalishalegea kidogo kwetu New South Wales, safari za mikoani zilikuwa zinaruhusiwa.

Wakuu, kutafuta nyumba ya ski, ya kulala wanaokwenda kuteleza kwenye theluji, kwa kundi la Waafrika ni kazi ya kustahili mshahara.

Mzungu akitafuta anauliza mambo mawili, lifti za kupandisha watu mlimani ziko umbali gani na kama kuna bafu la maji moto la nje. Sisi swali la kwanza lilitoka kwa Furaha: "Jiko iko namna gani?"

Niliwapatia lodge moja juu kabisa mlimani, ukifungua mlango unakanyaga theluji. Picha zilikuwa zinatoa machozi. Chakula wanapika wao, unaenda kula dining kwa zamu sababu ya Corona, jikoni mgeni haruhusiwi.

Nikatuma kwenye group. Furaha akajibu kwa voice note ndefu, nusu Kiswahili nusu Kifaransa, nami nilielewa sehemu moja tu: "Anneth, weekend muzima nikule soup ya maboga? Bugali nitapikia wapi, ku douche?" Douche ndiyo bafu.

Lodge ikafa hapo.

Na hata isingekufa kwa ugali ingekufa kwa paa. Maana hilo ndilo lilikuwa sharti langu kuu. Lazima Mama alale nyumba yake na Wafula alale nyumba yake, na wakati huohuo tuwe pamoja, tupike sufuria moja, watoto wacheze pamoja. Na Mama asitengwe peke yake akajiona mzigo.

Nikahamishia msako Jindabyne, ule mji wa kando ya ziwa chini ya milima, ambako wengi hulala. Kule kuna apartments nyingi nzuri. Nikafikiri, tuchukue mbili, Mama ghorofa ya chini, Wafula ya juu kabisa, kuta na zege katikati. Nikamfuata Mama jikoni.

"Mama, ghorofa lina mapaa mangapi?"

Akanitazama akidhani ni kitendawili. "Moja."

"Hata kama kila mtu ana mlango wake, na jiko lake, na bili yake?"

"Anneth. Mvua ikinyesha, inapiga mara ngapi?"

Nikarudi kwenye laptop.

Motel? Vyumba kwa mstari, bati moja refu kutoka mwanzo hadi mwisho. Chali.

Nyumba mbili tofauti mtaa mmoja? Msimu ulikuwa umejaa, watu wote wa Sydney ambao mwaka huo hawakuweza kwenda Bali wala Japani walikuwa wanagombea milima ileile. Ukipata moja, ya pili iko upande wa pili wa ziwa, na Mama analala na nani huko?

Nikaanza kutafuta kwa ramani ya satelaiti. Nilikuwa, naamini, mtu pekee Australia nzima anayechagua nyumba ya ski kwa kutazama paa kutoka angani. Vyumba sivitazami, sebule siitazami. Nazoom juu ya vigae vya watu. Hii wameunganisha na gereji. Hii ina ua katikati lakini veranda imezunguka. Hii mapaa mawili safi, kumbe la pili ni banda la farasi.

Nikampigia simu agent mmoja, dada mwenye sauti ya biashara. Akaniuliza, "And how far from the lifts would you like to be?"

Nikamwambia lifti si tatizo. "How many roofs does it have?"

"Sorry, how many what?"

"Roofs."

Akanijibu kwa upole kabisa, kama unavyozungumza na mtu aliyeanguka akagonga kichwa: "Just the one, I think."

Kuuliza si ujinga, wakuu. Nilimshukuru nikakata.

Mwishowe nikaipata. Shamba la kondoo nje ya mji, upande wa Berridale. Nyumba kubwa ya wenyewe ya zamani, jiko pana la kuni na la gesi, na pembeni yake kibanda kirefu ambacho zamani walikuwa wanalala mafundi wa kunyoa kondoo, sasa wamekitengeneza kina vitanda na heater. Nikakagua satelaiti. Nyumba hapa, kibanda pale, katikati nyasi. Mapaa mawili mtu mzima anayaona bila miwani!

Mwenye shamba ni mama wa Kizungu, tumwite Lorraine. Nilimpigia, nikauliza jiko (Furaha alikuwa ananisikiliza), nikauliza mablanketi. Paa sikuuliza. Nilishaliona mwenyewe kutoka angani, niulize nini tena?

Mnaona linakuja, eh?

Ijumaa tukaanza safari. Furaha alikuwa amepitia Bankstown akabeba mbuzi mzima aliyekatwakatwa, unga, maharage, mboga. Mama nilimvalisha koti kubwa la mtumba la op shop lililomfika magotini, gumboots, na leso yake juu ya kila kitu. Gari langu lilikuwa na Mama, Nekesa, kichanga na Naliaka. Gari la Papa Déo lilibeba familia yake, mbuzi, na Wafula. Njiani tukisimama kujaza mafuta, Wafula anatokea mlango huu, Mama anaingia ule, wamezoea kama saa ya ukutani.

Kupita Cooma baridi ikabadilika. Mama alifungua dirisha akatoa pua nje. "Inanuka chuma," akasema, akafunga, akatabasamu mpaka Berridale. Tukakata kuelekea shambani jua linashuka.

Nikaingia getini. Nikaiona nyumba. Nikakiona kibanda.

Na katikati, pale penye nyasi za satelaiti, nikaona bati jipya linang'aa.

Lorraine, Mungu amzidishie, alikuwa amejenga njia yenye paa kutoka mlango wa jiko la nyumba kubwa mpaka mlango wa kibanda, ili wageni wasilowe wala wasiteleze. Pande zote mbili bati limeshikana na mapaa ya nyumba. Kazi safi kabisa ya fundi. Picha ya satelaiti ilikuwa ya zamani.

Nikasimamisha gari papo hapo.

Mama alitazama kupitia kioo. Akafuata bati kwa macho kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayesoma mstari. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Anneth," akasema, "hii ni paa moja."

Hakushuka kwenye gari.

Wengine wote tukashuka. Papa Déo akaikagua ile njia mbele na nyuma, mikono kiunoni kama injinia wa kaunti. Akaja dirishani kwa Mama. "Mama, ile haiko nyumba. Ile ni couloir tu. Njia ya kupita. Mutu halali mu couloir."

Mama akamjibu vizuri kabisa. "Baba, kwetu tunauliza mvua. Mvua ikinyesha, unaweza toka hii nyumba uingie ile bila kulowa?"

Papa Déo akatazama bati. Ni mtu mkweli. "Bila kulowa, ndiyo."

"Basi hiyo ni nyumba moja."

Nekesa alianza kulia kimya kimya, kichanga begani. Maana alimjua mama yake. Hatapiga kelele, hatamlaumu mtu, ataomba tu arudishwe Seven Hills, na theluji itabaki ya kwenye TV. Na tukirudi Sydney jioni ile na watoto wale na baridi ile, safari nyingine tusingeipata, Septemba ndiyo hiyo.

Wafula alikuwa amesimama mbali nyuma ya gari la Déo, mahali anapostahili kusimama. Akaniita. "Sista, ambia Mama ashuke. Mimi nitalala kwa gari. Hakuna noma."

"Utaganda," Furaha akamwambia. "Tutakukuta asubui kama samaki ya friza."

"Ashike theluji kwanza. Nikiganda mtaniweka kwa jua."

Alikuwa anatania lakini macho yake hayakutania. Huyu ndiye mtu wa mifuko ya mlangoni. Nafikiri alikuwa tayari kulala hata juu ya mti.

Wakati huo Lorraine ametoka kwenye kijumba chake cha getini, na sanitiser yake mkononi na mask kidevuni, anataka kutukabidhi funguo. Anakuta mtu analia, mtu amegoma kushuka, na mwanaume mzima anapanga kulala garini. Akaniuliza kuna shida gani.

Nilifikiria kumdanganya. Ungemwelezaje? Lakini nilishachoka, nikamwambia ukweli wote, kwa Kiingereza changu cha aged care. Kwamba yule ni mama mkwe, huyu ni mkwe, hawawezi kulala chini ya paa moja, ni heshima, na njia yake nzuri imefanya mapaa mawili yawe moja.

Lorraine alisikiliza bila kukatiza. Akatazama bati lake. Akamtazama Mama ndani ya gari. Mama akamtazama yeye.

"So she just needs a bit of sky in between?"

Wakuu, sikuwahi kulifikiria kwa namna hiyo. Nikasema yes. A bit of sky, kipande cha mbingu katikati.

"Mine lived with us till she died," Lorraine akasema, akimaanisha mama mkwe wake. "I'd have taken the whole bloody roof off."

Akaingia stoo akatoka na ngazi.

Sikutunga hili. Mama wa Kizungu, umri wake si mbali na wa Mama, akapanda ngazi kwenye jua la kuzama akaanza kufungua skrubu za bati lake mwenyewe. Wafula alikimbia kuishika ngazi. Papa Déo akapokea skrubu kwenye kofia. Bati moja la katikati likalegea, nikalidaka upande wangu, baridi yake bado naikumbuka kwenye vidole, tukalishusha tukaliegemeza ukutani.

Pakabaki pengo. Upana wa bati moja, na juu yake mbingu.

Wafula akarudi nyuma ya gari. Mlango wetu ukafunguka. Mama akashuka taratibu, akatembea mpaka chini ya lile pengo, akasimama, akainua uso. Kulikuwa na kimvua chembamba cha barafu kinaanza. Tone likamwangukia kwenye paji la uso. Akalifuta, akatazama kidole.

"Sasa ni mbili," akasema. Akamgeukia Lorraine, akainamisha kichwa. Lorraine naye akainamisha, ingawa sijui kama alijua kwa nini.

Kisha Mama akauliza jiko liko wapi, na mambo yakaanza kwenda.

Jioni ile tulikula mbuzi. Mama, akina mama na watoto nyumba kubwa. Wafula na Papa Déo kibandani, chakula kinapelekwa na watoto kupitia ile njia na sahani zikirudi tupu. Papa Déo akaniambia baadaye kuwa hiyo ndiyo mila bora aliyowahi kuiona, mwanaume analetewa nyama na haoshi chombo. Furaha alimsikia. Hajaisema tena.

Asubuhi niliamshwa na Naliaka anapiga mayowe.

"Kukhu! Kukhu! Wake up! It's snowing inside the house!"

Kukhu ni bibi, kwa lugha yao.

Tukatoka wote na mablanketi. Nje shamba lote jeupe, uzio mweupe, kondoo wenyewe wameonekana wachafu. Lakini mtoto hakuwa anaonyesha nje. Alikuwa amefungua mlango wa jiko, anaonyesha kwenye ile njia.

Sakafu yote ya njia ilikuwa kavu, isipokuwa katikati. Pale chini ya pengo, theluji ilikuwa imeshuka ikajaa, ukanda mmoja umenyooka kutoka upande huu hadi ule, upana wa bati. Kama mtu amechora mpaka.

Mama akaja na leso yake na gumboots. Akaifuata.

Sasa wakati huohuo mlango wa kibanda ukafunguka, akatoka Wafula na kuni mikononi za kuleta jikoni. Hakujua kuwa Mama yuko hapo. Wakakutana hapo, Mama upande huu wa theluji, yeye upande ule.

Siku zote Wafula angegeuka. Alianza kugeuka. Mama akainua kiganja, subiri.

Akainama. Akachota theluji kwa mikono yote miwili.

Kisha akaileta karibu na mdomo, akaipuliza. Ilipeperuka kidogo ikamwangukia Naliaka kichwani, mtoto akapiga kelele ya furaha.

"Mwalimu," Mama akasema, kama mtu yuko chumba cha pili. "Chaki yako ilikuwa karibu." Akacheka, akabadilisha mkono. "Lakini inachoma! Huyu mzee hakuniambia inachoma!"

Machozi yanamtoka, anacheka. Nekesa analia, mimi nalia, Furaha anapiga vigelegele na mwiko mkononi. Mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini asubuhi ile nililia na sikujifuta.

Kisha Mama akatulia. Akatazama theluji, si Wafula. Akasema, "Naliaka, mwambie baba yako, mimi nilikuwa namwona."

Naliaka akageuka. Baba yake yuko hatua mbili tu mbele yake, kasikia kila neno. "Dad, Kukhu says she could see you."

"Mwambie, kila wiki. Hiyo mifuko. Nilikuwa kwa dirisha."

"She was at the window. With the shopping bags."

"Mwambie mama yake alimlea vizuri. Mwambie nikifika nyumbani nitaenda mpaka kwa huyo mama nimwambie hivyo."

Naliaka alifikiria kidogo. "Dad, she's gonna tell Nana you're good."

Wafula alikuwa ameshika kuni kifuani kama mtoto mchanga. "Ambia Kukhu asante."

"Kukhu, Dad says thanks."

Nikafikiri yameisha. Kumbe Mama alikuwa bado na theluji mkononi. Alikuwa anaifinyangafinyanga muda wote huo, kama tonge la ugali.

Akarudisha mkono nyuma. Akamtupia.

Ilimpata Wafula hapa, kifuani, ikapasuka juu ya kuni. Kuni zikaanguka. Sisi wote tukaganda. Papa Déo aliyekuwa anachungulia mlangoni na mswaki mdomoni alisahau kuswaki.

Mama akatugeukia, mikono wazi, uso wa mtu asiye na hatia.

"Kwani nimemshika?"

Wakuu! Tulicheka mpaka Lorraine akatoka kuja kuangalia. Wafula alipiga magoti kwenye sakafu anacheka na kulia pamoja, anaokota theluji ile iliyomgonga, anaikusanya kiganjani.

Yeye hakurudisha. Mkwe hamtupii mama mkwe, mipaka ipo.

Baadaye tulipanda mlimani kwenye ski yenyewe, ndiyo iliyotupeleka, lakini sitawachosha. Papa Déo alishuka kilima kizima kwa makalio akiita majina ya watakatifu. Mama alikataa kuvaa ski, akasema, "Hii miguu nimeazimwa, nairudisha Bungoma." Akakaa kwenye kiti, akanywa chai, akatazama watu wakianguka, akafurahi kuliko sote.

Tulipoondoka Wafula alitaka kurudisha bati. Lorraine akamkataza. Akasema ameligundua lile pengo, akisimama pale na kikombe chake asubuhi anaona nyota ya mwisho.

Septemba tukampeleka Mama airport. Ndani wanaingia wasafiri tu, kwa hiyo tuliagana nje mlangoni, mask usoni, watu wote wamesimama mbali mbali kwa amri ya serikali. Wafula alisimama mbali zaidi, karibu na nguzo, kwa amri ya Mama.

Mama akatukumbatia mmoja mmoja, akasukuma toroli lake mpaka mlangoni. Pale akasimama. Akatoa tishu kwenye pochi, akaikunja ikawa duara, akaikaza vizuri.

Akageuka akamtupia.

Haikufika hata nusu ya njia. Wafula alikwenda akaiokota. Ninavyomjua, anayo mpaka leo.

Nilichojifunza ni kwamba ukitafuta nyumba ya kulala watu wengi, usianze na lifti wala na bafu la nje. Anza na yule mwenye sharti gumu kuliko wote, uliheshimu sharti lake hata kama kwenu halipo. Sisi tungemwona Mama msumbufu tukampita, theluji tungeiona, lakini ile asubuhi tusingeipata. Na msiiamini satelaiti. Pigeni simu muulize mapaa, aibu ya dakika moja haiui mtu.

Haya, nimemaliza, uwanja ni wenu. Kwenu mama mkwe analala wapi? Na aliyewahi kurushiwa kitu na mkwe wake kwa upendo aseme hapa, tusijione ni sisi peke yetu.